Siku Kumi za Cheti

Mwaka 2019 mjomba wangu akaaye Uganda alichanjwa homa ya manjano siku ya Ijumaa, na Jumatatu akaondoka kuja kwetu Tanzania arusini kwa dada yangu. Alizuiwa mpakani. Cheti alikuwa nacho, tena chenye mhuri! Kumbe cheti huanza kufaa siku 10 baada ya sindano, maana mwili hauna budi kupata muda wa kujijengea kinga. Tangu Julai 2016 hufaa maisha yote. Zamani kilikwisha baada ya miaka 10.

Ambaye mayai humdhuru vikali huweza kupewa na daktari barua ya kusamehewa chanjo. Hata hivyo maafisa wa afya waweza kumwangalia hadi siku 6, muda ambao ugonjwa hujificha mwilini. Arusi ilipita bila mjomba.