Umeme wa Olkaria na Shamba la Nabothi



Jumapili moja baada ya Misa hapa Usinge, tulikuwa tumekaa vijana wa VIWAWA chini ya mwembe kama kawaida yetu. Mada ilikuwa utunzaji wa mazingira, nami nikawa nawaeleza habari za nishati safi. Nikawatajia mitambo ya Olkaria. Kijana mmoja, fundi simu wa pale karibu na stesheni, akanikatiza: "Frateri, huo umeme si ndio unatoka kule wanakoita Lango la Jehanamu? Sasa kuutumia si dhambi?"

Tukacheka wote. Nikamjibu haraka haraka, nikapigiwa makofi, kikao kikaisha. Lakini tukiwa njiani kurudi nyumbani, kijana huyohuyo akaniuliza swali la pili, na hilo nililijibu vibaya. Leo nataka tuyaangalie yote mawili.

Tuanze na lile rahisi. Olkaria iko Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa. Jirani yake kuna korongo lenye miamba mirefu, na wasafiri wawili wa Kizungu, Gustav Fischer na Joseph Thomson, ndio wanaotajwa kulipa jina hilo la kutisha mwaka 1883. (Thomson si mgeni huku kwetu. Mwaka 1880 alipita Tabora akitoka Ziwa Tanganyika kurudi pwani.) Kwa hiyo jina ni la wasafiri, si la katekisimu.

Joto la chini ya ardhi ni sehemu ya uumbaji. Sehemu yake ni mabaki ya joto la tangu dunia ilipoumbika, na sehemu nyingine inatokana na elementi kama urani na thoriamu zinazovunjika polepole ndani ya miamba. Mahali pengi joto hilo liko mbali mno. Kwenye Bonde la Ufa ganda la dunia limevutwa likawa jembamba, na mwamba wa moto umesogea juu. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanakutana na joto la zaidi ya nyuzi 200, lakini yanashindwa kuruka kuwa mvuke kwa sababu yamegandamizwa na uzito wa juu. Ni kama sufuria ya maharage iliyofunikwa mfuniko mzito. Wahandisi wanachimba kisima cha kilomita mbili au tatu, mfuniko unafunguka, na maji na mvuke vinapanda kwa nguvu. Mvuke unatenganishwa na maji, unapelekwa kuzungusha tabo, na tabo inazungusha jenereta. Maji yanayobaki yanarudishwa chini. Hapachomwi kuni wala makaa wala dizeli.

Wakenya walianza kuchimba visima vya majaribio miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawaka mwaka 1981. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya unatokana na mvuke. Na faida yake kubwa ni hii: mvua ikigoma, bwawa la maji linapungua, lakini mvuke hausubiri masika. Hata hivyo Kenya haikuwa ya kwanza Afrika. Mwaka 1952, huko Kiabukwa, Katanga, kilijengwa kimtambo cha kilowati 200 na kitu kwa ajili ya mgodi wa bati. Katanga ile ile ambako Msiri na Wanyamwezi wenzake walikwenda kufuata shaba karne ya 19! Kimtambo hicho hakikudumu.

Sisi wa Usinge tumekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, juu ya mwamba mkongwe mgumu. Usitegemee mvuke hapa. Lakini umeme hauna pasipoti. Njia ya kilovoti 400 kati ya Isinya na Singida imeunganisha gridi ya Kenya na ya kwetu, kwa hiyo hatuwezi kusema tena kwamba ya Olkaria ni ya Olkaria. Basi jibu la swali la kwanza ni hapana, si dhambi. Ni zawadi, na akili iliyoifikia ni zawadi pia. Hapo ndipo nilipopigiwa makofi.

Sasa swali la pili. Tukiwa njiani kijana akaniambia: "Frateri, kuna mradi unapita kwetu. Nyumba ya bibi imewekewa alama. Hela ya fidia ipo, siyo mbaya. Mimi nataka achukue, nipate na bodaboda. Yeye hataki hata kuongea. Tumfanyeje?" Nikamjibu kama mtu aliyesoma kitabu kimoja: "Mwambie ni kwa mafao ya wengi." Akaitika, tukaagana. Usiku sikulala vizuri.

Sababu ni kwamba nilikuwa naijua nusu ya pili ya habari za Olkaria, na sikuwa nimeisimulia pale chini ya mwembe. Ilikuwa inaharibu mada yangu.

Nusu yenyewe ni hii. Nchi ile ni malisho ya Wamaasai tangu zamani. Mwaka 2014, ulipokuwa unakamilishwa mtambo wa Olkaria IV wenye megawati 140, familia zaidi ya mia moja kutoka vijiji vinne zilihamishiwa eneo jipya. Tuwe wakweli: hazikutupwa porini. Zilijengewa nyumba bora kuliko za mwanzo, shule, kituo cha afya, barabara, na zikapewa ardhi. Lakini baadhi ya wanakijiji wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wakopeshaji wa mradi. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia likaenda kuchunguza. Lilikuta mengi mazuri. Lilikuta pia kwamba sera ya benki yenyewe ya kulinda jamii za asili haikutumika, kwamba katika mashauriano Kimaasai hakikupewa nafasi ya kutosha, na kwamba mamlaka ya wazee wa mila yaliwekwa pembeni. Yakafuata mazungumzo ya upatanisho, na mwaka 2016 pande mbili zikakubaliana.

Hebu soma tena hapo kwenye lugha. Unahamishwa kwa lugha ambayo mama yako haielewi vizuri. Anaitikia kwa sababu wengine wameitikia. Kwenye karatasi ameshirikishwa.

Fungua sasa Biblia yako, 1 Wafalme 21. Wengi tunaikumbuka hadithi ya Nabothi kama hadithi ya mfalme mwizi. Isome polepole, utashangaa. Ahabu hakuanza kwa kuiba. Alianza kwa kutoa fidia! Alimwahidi Nabothi shamba la mizabibu bora zaidi, au kama anapenda fedha, alipwe thamani yake. Ukimleta Ahabu wa mistari ile ya mwanzo kwenye mkutano wa kijiji leo, watu watasema huyu ni mwekezaji mstaarabu. Nabothi akakataa, maana lile lilikuwa urithi wa baba zake, na kwa Mwisraeli urithi haukuwa bidhaa. Ulikuwa sehemu yake katika agano la Mungu.

Kisha akaja Yezebeli, naye alifuata utaratibu wote. Aliandika barua, akazipiga muhuri, akataka watangaze mfungo na kuitisha kikao cha mji, na mashahidi wakapatikana wawili kama sheria inavyotaka. Faili la Nabothi lilikuwa limekamilika. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwuliza Nabothi kwa nini anasema hapana, na kukaa kusikiliza jibu. Hata Ahabu hakuuliza. Alirudi nyumbani akalala kitandani, akageuza uso, akagoma kula.

Olkaria si Yezreeli, sitaki kumsingizia mtu. Hakuna Nabothi aliyepigwa mawe pale, na walalamikaji walipata mahali pa kulalamika. Naileta hadithi hii kwa sababu ya fidia. Sisi tunadhani haki ikishalipwa imekwisha. Maandiko yanatuonyesha mtu aliyepewa ofa nzuri na bado akawa na haki ya kusikilizwa.

Nimesoma falsafa miaka mitatu (mama yangu bado anauliza itanipatia kazi gani), na hapa ndipo iliponisaidia kidogo. Neno nililomwambia yule kijana, "mafao ya wengi", tunalitumia sana hata kanisani. Lakini Kanisa linapofundisha juu ya jambo hili, kuanzia Mtakatifu Thoma wa Akwino hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, halimaanishi wengi dhidi ya wachache. Linamaanisha mafao ya wote kwa pamoja, na ya kila mmoja. "Wengi wape" ni msemo mzuri wa kupiga kura ya rangi ya sare za kwaya. Ukiupeleka kwenye nyumba ya mtu unageuka kuwa hesabu ya kutoa: wenye taa milioni kadhaa, toa familia mia na kitu, jibu linabaki zuri. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliikataa hesabu hiyo. Anatufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini tuvisikie pamoja, na kwamba miradi mikubwa ikigusa ardhi ya jamii za asili, wao ndio wawe wa mbele katika mazungumzo.

Mtu ataniuliza: basi Frateri, tukae gizani? Hapana. Umeme unahitajika. Mama anayejifungua usiku kwa tochi ya simu ana haki yake pia, naye ni mmoja wa hao "wote". Ndiyo maana swali hili ni gumu, na anayekwambia ni jepesi, awe mhandisi au mwanaharakati, mwombe akae kwanza.

Wazee wetu wa njia ya misafara walijua kitu hapa. Panda treni ya Kigoma uende Uvinza. Chemchemi za chumvi za pale zilivuta watu kutoka mbali karne ya 19. Kiangazi walikuja, wakapiga kambi, wakachemsha chumvi yao, wakawaachia watemi wa Uvinza fungu lao. Chumvi ilisafiri mbali, wenye nchi wakabaki kwenye nchi yao, na fungu lao lilirudi kila msimu. Sisemi watemi walikuwa malaika. Nasema kuna tofauti kati ya kulipwa mara moja ili uondoke na kupata sehemu yako kila mwaka ukiwa unajulikana kuwa ndiye mwenyeji.

Nayaandika haya pia kwa ajili yenu vijana wa Mbeya, Rungwe, Songwe na Rufiji. Tangu mwaka 2013 nchi yetu ina kampuni yake ya umma ya jotoardhi, na maeneo kama Ngozi, Songwe, Kiejo-Mbaka na Luhoi yako kwenye orodha. Mvuke ukipatikana, nitashangilia. Lakini mjiandae. Jifunzeni mradi unavyofanya kazi ili msidanganywe na uvumi wa pande zote mbili, na kwenye mikutano muwe ninyi wa kutafsiri kwa ajili ya bibi zenu. Katoliki anayejua Kinyakyusa na anayejua pia kusoma mkataba ana utume pale, tena mkubwa.

Jumatano ile nilimfuata yule fundi simu, nikamwomba anipeleke kwa bibi. Nilimkuta anapepeta mtama. "Mwangaluka, bibi." Akaitikia, akaniletea kigoda. Mjukuu akawa anatafsiri pale Kinyamwezi changu kiliponiishia, na kiliisha mapema. Tulikaa karibu saa mbili. Kumbe hakukataa fidia, wala hakukataa mradi. Nyuma ya nyumba kuna makaburi matatu: mumewe na watoto wawili. Waliokuja kupima walieleza kila kitu kwa Kiswahili cha ofisini, yeye akasikia tu neno "kuhamisha", na hakuna aliyemwambia nani atawagusa marehemu wake, lini, na kama padre atakuwepo.

"Na mimi sikuulizwa," akasema mjukuu polepole, kisha akanyamaza, maana yeye mwenyewe naye hakuwa amemwuliza.

Bibi akataka kujua jambo moja: je, Misa inaweza kusomwa pale pale, kabla ya jembe la kwanza? Nikamwambia nitamwuliza paroko. Nilimwuliza jioni ile ile. Tumepanga Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, na VIWAWA ndio watakaoimba.