Kifua Kikuu kwa Wazee

Katika nchi ya Japani, hata mwaka 1950, kifua kikuu kiliua watu kuliko maradhi mengine yote. Vijana wengi wa siku zile waliambukizwa vijidudu vyake wasiugue. Vijidudu hivyo hulala mwilini miaka mingi, na nguvu za mtu zikipungua kwa uzee, huamka. Ndiyo sababu leo zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya huko wametimiza miaka 70 au zaidi.

Mzee huenda asikohoe sana wala asiteme damu. Hukosa hamu ya chakula, akakonda, na jamaa zake husema ni uzee tu. Hilo ndilo kosa. Yafaa makohozi yake yapimwe hospitali. Dawa humezwa miezi 6 pasipo kuacha, hata akijiona amepona. Macho yakigeuka manjano, daktari aambiwe siku ile ile, maana ini la mzee hudhurika upesi.