Dharura ya Wengi Haifuti Haki ya Mmoja: Somo Kuhusu Mafuta Yetu

  

Katika darsa yetu ya jioni hapa Katwe, ndugu mmoja anayesomea uhandisi aliuliza: je, ni halali kufanya kazi kwenye visima vya mafuta vya Ziwa Albert? Mtaa wetu unaishi kwa mafuta: gereji, jenereta za mafundi wa kuchomelea umeme ukikatika, bodaboda zinazotupeleka chuoni. Manufaa tunayaona kwa macho. Madhara yako mbali nasi, Buliisa, Kikuube na Hoima, ndiyo maana inatubidi tuyasome.

Mafuta yenyewe ni neema, na asili ya vitu ni uhalali. Hukumu iko katika njia ya kuyapata.

Hali ilivyo

Mafuta ya kutosha kwa biashara yalithibitishwa mwaka 2006. Leo kuna mradi wa Tilenga wa TotalEnergies, ambao baadhi ya visima vyake viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na mradi wa Kingfisher wa CNOOC. Mafuta yatasafirishwa kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kwa kuwa yana nta na huganda, bomba lazima lipashwe moto wa nyuzi 50 hivi. Kwa haya yote, maelfu ya familia zimetoa ardhi yao, yote au sehemu.

Msingi wa kwanza: ridhaa na bei

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, kiwanja cha msikiti kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure. Alikataa mpaka akakinunua. Tazama: mnunuzi ni Mtume, jengo ni msikiti, wenye mali ni watoto, na bado bei ililipwa. Katiba ya Uganda, kifungu cha 26, nayo inataka fidia ya haki, ya kutosha, ilipwe haraka na kabla ardhi haijachukuliwa.

Msingi wa pili: kuchelewesha ni dhulma

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kulipa kuwa ni dhulma. Sasa pima. Mali za wanavijiji zilihesabiwa, ikawekwa tarehe ya mwisho, wakaambiwa wasipande tena mazao ya kudumu kama kahawa na migomba. Kisha wengi wakasubiri fidia zaidi ya miaka mitatu. Mkulima asiyejua atahama lini hupanda nini? Analisha watoto nini, analipa karo kwa nini? Hata kama hesabu ya mwisho ni sahihi, ile miaka ya katikati nayo ni deni.

Msingi wa tatu: dharura haifuti haki

Wataalamu wa fiqhi wana kanuni kwamba dharura ya mtu haibatilishi haki ya mwingine. Anayekula chakula cha mwenzake ili asife kwa njaa hana dhambi, lakini atakilipa. Imepokewa kwamba Umar (r.a.) alitaka nyumba ya Abbas (r.a.) ili apanue msikiti wa Mtume. Abbas akakataa. Wakaenda kwa Ubayy bin Ka'b, naye akahukumu dhidi ya Khalifa. Haki ilipothibiti, Abbas aliitoa nyumba kwa hiari yake.

Linganisha na Desemba 2023, Mahakama Kuu ya Hoima iliporuhusu serikali iweke mahakamani fidia ya kaya 42 za Buliisa ambazo hazikuwa zimeikubali, kisha ichukue ardhi.

Msingi wa nne: hakuna kudhuru

Bomba linapita katika bonde la Ziwa Viktoria, ambalo mamilioni wanakunywa maji yake. Kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Basi anayechimba ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba maji yako salama. Mvuvi hapaswi kungoja mpaka samaki wafe ndipo asikilizwe.

Jibu letu

Nilimjibu ndugu yetu kwamba kazi yenyewe si haramu, ila kalamu yake ni amana. Mhandisi asitie saini ripoti anayojua ina uongo. Mthamini asipunguze idadi ya miti. Mwanasheria asimpe mzee asiyejua kusoma karatasi bila kumfafanulia kwa lugha yake. Qur'ani (4:29) inakataza kula mali za watu kwa batili na kuruhusu biashara ya kuridhiana. Anayesaini chini ya vitisho hajaridhia.

Maswali ya halaqa

1. Fidia ikichelewa na bei ya ardhi ikapanda, ni bei ipi inayostahili kulipwa?
2. Mtu akilipwa shamba lakini kaburi la wazazi wake likabaki ndani ya eneo la mradi, nini haki yake?
3. Gereji jirani na hosteli yako humwaga oili chafu mtaroni. Ni nani anayedhurika, na wewe una wajibu gani?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na riziki isiyo na haki ya mtu ndani yake. Amin.