MIGUU YA NDEKE NDOGO YA JETI: NAMNA YA KUIFUNGA NA KUISAWAZISHA
(Somo la fizika na ateliye)



Katika nambari hii tutasoma juu ya kazi moja ya mikono yenye fizika nyingi ndani yake: kufunga miguu chini ya ndeke ndogo ya jeti, ile inayoongozwa kwa radio na mtu aliyesimama chini. Pengine mmoja wenu atauliza: "Maneno haya yanatuhusu nini? Hapa kwetu ndeke ya namna hiyo haiko." Ni kweli, mchezo huu ni wa bei kali, na kwao ni Ulaya na Marekani. Lakini fizika haina kabila. Kanuni inayoshika mguu wa ndeke ile ndiyo inayoshika chukudu ya Goma, puspusi ya sokoni na kinga ya baba yako. Mwenye kuelewa moja amekwisha kuelewa zote.

I. NDEKE HII IKO NAMNA GANI?

Musifikiri ni kitu cha watoto wadogo. Ndani yake muna turbini ya kweli inayounguza petroli, ni kusema mafuta ya taa. Ndeke ya radio yenye turbini iliruka Uingereza katika mwaka 1983. Kiisha Mjerumani mmoja, jina lake Kurt Schreckling, akaonyesha kwamba mtu anaweza kutengeneza turbini katika ateliye ya nyumbani. Lile gurudumu la kukandamiza hewa alilichonga kwa mbao. Tangu siku zile kazi imeendelea sana. Tarehe 15 Septemba 2017, kule Ballenstedt katika Ujerumani, Niels Herbrich alirusha ndeke yake ya jeti kwa mbio ya kilometa 749 kwa saa.

Nyingine nyingi haziendi mbio hivyo. Tuchukue mfano mmoja na tuushike mpaka mwisho wa somo: ndeke ya kilo 12, inayotua kwa mbio ya metre 20 kwa sekunde, ni kusema kilometa 72 kwa saa. Nguvu ya mwendo wake ni nusu ya 12 mara 20 mara 20, jumla jouli 2400. Nguvu hiyo yote inakuja chini juu ya vigurudumu vitatu vinavyoenea katika kiganja cha mkono. Mguu mmoja ukivunjika, bawa linapiga chini, tangi linaweza kupasuka karibu na turbini yenye moto, na ndeke ikiacha njia yake inaweza kumgonga mtu aliyesimama kando. Basi kufunga miguu ni kazi ya kulinda watu, tena ni kulinda kazi ya miezi mingi.

II. FASI YA MIGUU

Ndeke nyingi za jeti ziko na miguu mitatu: mmoja chini ya pua, miwili mikubwa chini ya mabawa. Ulizo la kwanza ni hili: miguu mikubwa ikae wapi?

Mumeona puspusi iliyopakiwa vibaya. Mzigo ukipita nyuma ya magurudumu, mikono ya mbele inaruka juu na kumwinua mwenye kuvuta. Ndeke nayo iko vile vile. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya magurudumu makubwa. Kikiwa nyuma, ndeke itakalia mkia wake.

Lakini mbele kwa kadiri gani? Mafundi wanatumia pembe. Chora mstari kutoka kitovu cha uzito ushuke wima mpaka chini. Chora mwingine kutoka kitovu hicho mpaka fasi magurudumu makubwa yanapogusa chini. Pembe katikati ya mistari hii miwili iwe karibu digrii 15. Katika ndeke yetu, kitovu kiko santimetre 30 juu ya ardhi. Tanjenti ya digrii 15 ni 0,268. Basi 30 mara 0,268 ni santimetre 8. Magurudumu makubwa yatakaa santimetre 8 nyuma ya kitovu.

Sasa tupime mguu wa pua unabeba nini. Kutoka gurudumu la pua mpaka magurudumu makubwa ni santimetre 80. Kwa kanuni ya wenzo: 12 mara 8, gawanya kwa 80, ni kilo 1,2. Ni sehemu moja kwa kumi ya uzito wote. Miguu mikubwa inagawana kilo 10,8 zinazobaki, kila mmoja kilo 5,4. Hesabu hii ni nzuri.

Tungeweka magurudumu santimetre 16 nyuma, pua ingebeba kilo 2,4, na mkia ungeshindwa kuinua pua wakati wa kuruka. Ndeke ingekimbia, ikimbie, mpaka uwanja uishe. Tungeyaweka santimetre 2 tu, pua ingebeba gramu 300, na gurudumu la pua lisingeshika njia. Kila kosa na malipo yake.

Muangalie mambo mawili. Kwanza, kitovu cha uzito kinapimwa tangi kubwa likiwa tupu, maana petroli inapungua angani na uzito unahama. Pili, miguu yenye mkono wa kuyumba inarudisha gurudumu nyuma kidogo inapokandamizwa. Kwa hiyo upime ndeke ikiwa imesimama kwa uzito wake, si ikining'inia mikononi.

III. KUFUNGA

Mashini ya kukunja mguu haifungwi juu ya ngozi ya bawa. Ngozi ile ni nyembamba. Inafungwa juu ya vipande viwili vya mti mgumu ambavyo vimegundishwa kwa mbavu za tripleksi, na mbavu zenyewe zimeshikwa na mhimili wa bawa. Hivi pigo la chini linatoka kwa gurudumu, linapita mguu, mti, mbavu, mpaka mhimili. Pakiwa na kiungo kimoja dhaifu katika mnyororo huu, ndicho kitakachovunjika.

Toboa tundu la visi kwa kipimo chembamba kuliko visi yenyewe, visi iume mti bila kuupasua. Fasi ya chuma na chuma, weka tone la gundi ya kushika visi, maana turbini na ardhi zinatikisa kila kitu.

Mguu unaingia katika mashini kwa pini ya chuma, na kisi kidogo kinaukaza. Kisi kikikaza juu ya pini ya mviringo, pini itazunguka siku ya pigo la kwanza, na gurudumu litaangalia kando. Dawa yake: chukua tupa, ulainishe upande mmoja wa pini uwe bapa, kisi kikae juu ya ubapa huo. Ni kazi ya dakika tano.

IV. KUNYOOSHA MAGURUDUMU

Magurudumu makubwa mawili yaende sambamba, ama ncha za mbele ziingie ndani kidogo sana. Zikitazama nje, ndeke itayumba: gurudumu linalobeba uzito zaidi linavuta upande wake.

Kujaribu ni rahisi. Weka ndeke juu ya sakafu ya simenti iliyo sawa, uisukume polepole kwa kidole, kiisha uiache. Ikienda moja kwa moja metre 5 au 6, ni vizuri. Ikipinda, angalia gurudumu moja moja. Hapana kuficha kosa la gurudumu kubwa kwa kupindisha gurudumu la pua. Kosa litabaki palepale, na litaonekana tena kwenye mbio.

Angalia tena ndeke kutoka kando. Bawa liwe karibu usawa na ardhi, ama pua juu kwa digrii 1 hivi. Pua ikiinama, ndeke inang'ang'ania ardhi. Pua ikiwa juu mno, ndeke inaruka mbele ya kupata mbio ya kutosha, kiisha inaanguka.

V. GURUDUMU LA PUA

Hili ndilo la kuongoza. Fasi gurudumu linapogusa chini lazima iwe nyuma kidogo ya mhimili wa kuzungukia. Ikiwa mbele, gurudumu linataka kugeuka nyuma lenyewe na linatetemeka sana. Mumeona vigurudumu vya kitanda cha hospitali namna vinavyojifuata nyuma: ni kanuni ileile.

Servo inayovuta gurudumu hili isilipindishe sana. Digrii 15 hivi kila upande zinatosha kwa kukimbia. Kwenye mbio kubwa, mpindo mdogo ni kitu kikubwa. Muulize mwenye chukudu anayeteremka mlima na magunia ya viazi: hapindishi usukani kwa nguvu, anaugusa tu.

VI. RESORI

Hapa fizika inasema wazi. Tuseme ndeke yetu inashuka kwa metre 1 kwa sekunde wakati wa kugusa chini, na mabawa bado yanabeba uzito. Mguu hauna resori, unajipinda milimetre 2 tu. Kasi ya kusimama ni 1 gawanya kwa 2 mara 0,002, ni kusema 250. Mara kilo 12, tunapata niutoni 3000, sawa na uzito wa kilo 300 hivi!

Sasa weka resori inayoingia santimetre 2. Umbali umeongezeka mara 10, nguvu inapungua mara 10: niutoni 300. Mguu unapona, bawa linapona. Ndiyo sababu mtu akiruka kutoka juu ya ukuta anakunja magoti.

Resori ikiwa ngumu sana, ni kama haiko. Ikiwa laini sana, inafika mwisho na chuma kinagonga chuma. Ndeke ikisimama kwa uzito wake, resori iwe imeingia kati ya robo na nusu ya safari yake. Ya kushoto na ya kuume ziwe sawasawa.

VII. KUKUNJA MIGUU

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni hewa. Mtu anajaza chupa ndogo kwa pompi mpaka bar 6 au 7, na tiyo nyembamba zinapeleka hewa kwa pistoni. Adui hapa ni kuvuja. Jaza, soma manometre, uache saa moja, usome tena. Ikishuka, fanya kama fundi wa kinga: paka maji ya sabuni kwenye viungo, utafute mapovu.

Ya pili ni umeme. Motere ndogo inazungusha visi ndefu, nayo inasukuma mguu. Kisanduku cha umeme kinakata nguvu kinaposikia mguu umekataa kwenda, maana kinafikiri umefika mwisho. Mwaona hatari yake? Gurudumu likigusa ukingo wa tundu lake, kisanduku kitadanganyika, na mguu utabaki katikati. Kwa hiyo tundu liwe na nafasi kuzunguka gurudumu lote.

Kwa namna zote mbili, mguu ukishuka lazima ujifunge. Sukuma kwa mkono kuelekea upande wa kukunjika. Ukirudi hata kidogo, haujafungwa, na ndeke hairuki siku hiyo.

VIII. FRENI

Turbini ikizunguka polepole bado inasukuma. Bila freni, ndeke haisimami. Freni zikaze kadiri ya kushika ndeke wakati turbini iko polepole kabisa, na zikaze kushoto na kuume kwa wakati mmoja. Moja ikitangulia, ndeke inageuka kama punda aliyevutwa sikio.

IX. MBELE YA KURUKA

Inua ndeke juu ya kibao, magurudumu yaning'inie. Kunja na kukunjua miguu mara 20. Kusiwe hata mara moja ya kukataa. Mara 19 kwa 20 si alama ya kufaulu hapa.

Na kama mguu mmoja mkubwa ukikataa kushuka angani? Mwendeshaji asihangaike na kutua kwa miguu miwili. Bawa lisilo na mguu litapiga chini na ndeke itazunguka. Ni heri kukunja yote, kuita watu waondoke, kuzima turbini karibu na ardhi, na kutua kwa tumbo juu ya majani. Tumbo linachunwa, lakini linatengenezeka.

MAULIZO

1. Ndeke ya kilo 15 ina santimetre 90 kati ya gurudumu la pua na magurudumu makubwa. Kitovu cha uzito kiko santimetre 12 mbele ya magurudumu makubwa. Pua inabeba kilo ngapi?
2. Ndeke inayoshuka metre 3 kwa sekunde inapiga chini kwa nguvu ya mwendo mara ngapi kuliko ile ya metre 1 kwa sekunde?
3. Tengeneza kigari cha nyaya chenye magurudumu matatu, mbele moja, nyuma mawili. Weka jiwe mbele ya magurudumu ya nyuma, kiisha ulisogeze nyuma kidogo kidogo. Andika fasi gani gurudumu la mbele linainuka, na ueleze kwa nini.

Majibu: (1) kilo 2. (2) mara 9. Jibu la tatu liko mikononi mwenu. Mulete vigari vyenu katika ateliye tuvipime pamoja.