Kabla Hujalipa Tiketi, Tafuta Mlango wa Kutokea

Jioni ya Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025, simu yangu iliita mara tatu mfululizo. Alikuwa mdogo wangu anayeuza nguo za watoto Kariakoo. Tiketi ya Istanbul alikuwa ameshailipa, anaunganisha ndege Doha, na safari ilikuwa Jumatano. Ameona kwenye televisheni makombora ya Iran yakielekezwa kwenye kambi ya Wamarekani ya Al Udeid, karibu kabisa na Doha. "Dada, niende nisiende?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, maana niliwahi kufanya kazi kwa wakala wa tiketi mjini Dar es Salaam. Aliliuliza mgonjwa anayekwenda India, mzazi mwenye mtoto chuoni ng'ambo, mama aliyedunduliza miaka ili aende umra. Karibu wote walianzia mahali pamoja: "Huko kuna usalama?" Ni swali la haki, ila hakuna wa kulijibu. Si mimi, si wakala wako, wala shemeji yako aliyeko Muscat anayejua kombora la kesho litaangukia wapi. Lenye jibu ni hili: mambo yakiharibika nikiwa njiani au nikiwa kule, nitatokea wapi, kwa pesa gani, na ni nani atakayenitafuta? Kaa na kalamu, simu na ramani kwa saa mbili, utapata majibu ya kutosha kuamua.

Anza na ramani. Tiketi ya Istanbul inayopitia Doha ni safari ya Qatar na ya kila anga inayokatwa kati ya Dar es Salaam na Uturuki, na unapaswa kuzihesabu zote. Qatar haikuwa vitani jioni ile, na anga yake ilifungwa kwa saa chache tu. Hata hivyo ndege zaidi ya 90 zilizokuwa zikielekea Doha zililazimika kugeuza njia, na maelfu ya abiria wakajikuta kwenye miji ambayo hawakupanga kuiona. Siku kumi kabla ya hapo, Israel ilipoishambulia Iran tarehe 13 Juni, anga za Iran, Iraq na Jordan zilikuwa zimefungwa vilevile. Mtu wa kwetu anayekwama kwenye uwanja wa kuunganishia ana taabu ya ziada: pengine haruhusiwi kutoka nje bila viza, kwa hiyo hata hoteli iliyo hatua mia tano hawezi kuifikia. Muulize wakala mapema kama pasipoti yako inakuruhusu kulala mji ule. Uliza pia kama kuna njia nyingine, kwa mfano kupitia Addis Ababa au Cairo, na bei yake ni kiasi gani. Tofauti ya nauli wakati mwingine ni ndogo kuliko gharama ya siku mbili za kukwama.

Ramani hiyohiyo inaweza kukuambia nenda. Mei 2025, India na Pakistan ziliposhambuliana kuanzia tarehe 7 hadi 10, nilipigiwa simu na familia iliyokuwa na mgonjwa wa moyo mwenye miadi ya upasuaji Chennai. Walitaka kufuta kila kitu. India ilikuwa imefunga viwanja 32 vya ndege, ni kweli, lakini vilikuwa vya kaskazini na magharibi, upande wa mpaka. Mumbai, Hyderabad na Chennai viliendelea kupokea ndege. Moyo wa mzee ulikuwa hatari iliyo karibu zaidi kuliko mpaka wa Kashmir, na hilo niliwaambia waziwazi. Nchi kubwa haiungui yote kwa siku moja. Pima kilomita kati ya unakokwenda na unakowaka moto, kisha tazama ndege yako inapita upande gani.

Usidanganyike kwamba ndege ikipaa basi njia ni salama. Tarehe 17 Julai 2014 ndege ya Malaysia, safari MH17, ilitunguliwa juu ya mashariki mwa Ukraine na watu wote 298 wakafa. Anga ile ilikuwa imefungwa kwa ndege za abiria hadi futi 32,000, nayo ndege ikiruka futi 33,000. Tarehe 8 Januari 2020 ndege ya abiria ya Ukraine ilitunguliwa dakika chache baada ya kuondoka Tehran, wakafa 176. Leo abiria anaweza kujiangalizia mwenyewe. Chukua namba ya safari yako, iweke kwenye programu ya Flightradar24, uone ndege hiyo ilipita wapi jana na juzi. Ikiwa mashirika makubwa yote yanazunguka eneo fulani na lako peke yake linakatiza katikati, tafuta shirika jingine. Hapo sibembelezi mtu.

Sasa njoo kwenye mlango wenyewe. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita viliripuka Khartoum, na uwanja wa ndege ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza kupigwa. Ndege ya Saudia iliyokuwa ikijiandaa kwenda Riyadh ilishambuliwa ikiwa chini. Vijana wetu wengi walikuwa wanasoma mjini humo. Mlango waliouingilia ulizibwa siku ya kwanza. Benki zikafunga, maji na umeme vikakatika, nauli za mabasi ya kwenda mipakani zikapanda mara kadhaa. Watanzania walitolewa kwa mabasi hadi Ethiopia ndipo wakapanda ndege kurudi nyumbani. Waliotaka bahari walikuwa na takriban kilomita 800 za barabara hadi Port Sudan.

Kwa hiyo hesabu milango ya mji unaokwenda. Uwanja wa ndege ni mmoja. Je, kuna mwingine ndani ya saa chache za barabara? Kuna mpaka wa nchi kavu, na nchi ya pili inakupokea bila viza? Kuna bandari yenye meli za abiria? Andika majina, andika na umbali. Ukibaki na mlango mmoja tu, na mlango huo ni uwanja wa ndege wa nchi ambayo wakubwa wake wawili wenye majeshi wanatishiana hadharani, hiyo ni safari ya kuahirisha, hata kama barua ya mwaliko ina mihuri mitatu.

Tafuta pia ubalozi wako uko mji gani. Usiridhike kusikia kwamba nchi yetu ina uhusiano na nchi ile. Mwaka 2024 Mkenya aliyekuwa akifanya kazi Beirut alikuwa chini ya ubalozi wa Kenya ulioko Kuwait, na Lebanon kwenyewe kulikuwa na konseli wa heshima tu. Mashambulizi ya Israel yalipopamba moto mwaka huo, mtu wa namna hiyo alikuwa anaomba msaada kwa ofisi iliyo nchi nyingine. Tafuta namba ya simu ya ubalozi unaokuhudumia, ipige kabla hujaondoka, usikie kama inapokelewa. Ukifika, jiandikishe: jina, mtaa, namba ya pasipoti, ndugu wa karibu. Serikali ikianza kuhesabu watu wake wa kuwatoa, inaanza na orodha iliyo mezani. Wapo wanaoogopa kujiandikisha kwa sababu viza imekwisha muda. Nawasihi wajiandikishe vivyo hivyo, kwa sababu asiyejulikana aliko hawezi kuitwa kupanda basi.

Pana vita vinavyopiga hodi na visivyopiga. Ukraine vilipiga hodi. Tarehe 11 Februari 2022 Uingereza iliwaambia raia wake waondoke Ukraine wakati ndege za kawaida bado zinaruka. Uvamizi wa Urusi ulianza tarehe 24, na siku hiyohiyo anga ikafungwa. Kati ya hapo zilipita siku 13. Wanafunzi wengi wa Kiafrika walibaki kwa sababu za msingi kabisa: mitihani, ada iliyokwisha kulipwa, tiketi ya ghafla isiyonunulika. Baadaye walipofika mpakani, wengi walisukumwa nyuma ya foleni kwa sababu ya rangi yao, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani tarehe 28 Februari. Hilo ni lazima liingie kwenye hesabu yako. Mwenye pasipoti kubwa anaweza kuchelewa na bado akaokolewa, sisi hatuna nafasi hiyo. Soma matangazo ya nchi kubwa kwa raia wao hata kama si yako. Zikisema "ondokeni sasa, kwa ndege za kawaida", nawe hesabu umeambiwa.

Ndiyo maana nashauri uandike masharti yako ya kurudi kabla ya kuondoka, ukiwa bado na akili tulivu. Kwa mfano: shirika langu likisimamisha safari za mji huu, naondoka kwa shirika jingine wiki hiyohiyo. Ubalozi ukitoa tahadhari ya kuondoka, naondoka hata kama mtihani ni Ijumaa. Karatasi hiyo mwachie mzazi au mwenza wako nakala, akukumbushe. Mtu aliye ndani ya mji huzoea kelele kidogo kidogo, akajiambia jana palikuwa hivihivi na leo tumekunywa chai.

Wanaonitia hofu kuliko wote ni dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Mwanafunzi anaweza kuamka akaondoka. Mfanyakazi aliye chini ya mfumo wa kafala mara nyingi hukuta mwajiri ndiye anayeshika pasipoti, na kibali cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri huyohuyo. Lebanon mwaka 2024 wapo walioachwa na waajiri waliokimbia mabomu, wengine wakiwa wamefungiwa ndani ya nyumba. Kama nchi unayopelekwa iko vitani, au inatishiwa vita, na wakala hawezi kukuonyesha kwa maandishi kwamba pasipoti utaishika mwenyewe, msimamo wangu ni mmoja: usiende. Mshahara mnono haufungui mlango uliofungwa kwa nje.

Kuhusu pesa nitasema yale tu yanayowaponza watu. Usikimbilie kufuta tiketi. Ukifuta mwenyewe, mara nyingi unakatwa faini, na tiketi nyingine za bei ya chini hazirudishi kitu. Shirika likifuta safari, unastahili kurudishiwa nauli au kupangiwa safari nyingine. Kwa hiyo kama una siku mbili tatu mkononi, subiri, na angalia tangazo la shirika kila asubuhi, maana wakati wa machafuko mashirika mengi huruhusu kubadili tarehe bila malipo. Nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Ukiunganisha tiketi mbili za mashirika mawili ili uokoe shilingi laki moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litakuhesabu umekosa safari kwa uzembe wako. Na bima: fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Bima nyingi za safari zimeandika wazi kwamba vita havilipwi, wala tukio lililokwisha kujulikana siku uliyonunua. Bima ya viza ni ya kumridhisha ofisa wa viza. Mfuko wako wa kurudi nyumbani ni kitu kingine, na kama huwezi kuweka kando nauli ya kurudi pamoja na chakula cha wiki mbili, safari hiyo haijaiva.

Sehemu ya mfuko huo iwe noti, si kadi. Dola za noti ndogondogo, ambazo hazijachanika, zigawe sehemu mbili. Namba muhimu ziandike kwenye karatasi kwa sababu intaneti huzimwa na simu hufa chaji. Dawa za kila siku beba za mwezi zaidi ya ulizokadiria. Pasipoti iwe kwako muda wote. Khartoum wako waliokuwa wamepeleka pasipoti balozi za nchi za Magharibi kuomba viza, vita vikaja, maofisa wakaondoka na hati zikabaki ndani, na nyingine ziliharibiwa makusudi.

Mdogo wangu hakufuta tiketi. Kesho yake usitishaji vita ukatangazwa, shirika likamruhusu kusogeza tarehe, akaondoka wiki mbili baadaye akiwa na dola za akiba na namba ya ubalozi wa Ankara ndani ya soksi. Angekuwa na upasuaji Istanbul Ijumaa ile, ningemwambia atafute siti kupitia Addis Ababa usiku uleule. Nguo za watoto zingeweza kungoja.

Nawe kama una tiketi mkononi sasa, fanya jambo moja kabla hujalala. Piga picha ukurasa wa kwanza wa pasipoti yako, viza na tiketi, uzitume kwa ndugu mmoja anayepokea simu usiku, pamoja na anwani utakayofikia na jina la mlango wako wa pili. Ukikosa jina la kuandika hapo, mpigie wakala asubuhi usogeze tarehe.