Upatanisho wa Kisarufi na Uaminifu wa Mitandao ya Data

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huuona upatanisho wa kisarufi kuwa mzigo. Katika sentensi 'Vitabu vyangu vimepotea', wingi umetajwa mara tatu ilhali mara moja ingetosha. Makala haya yanadhihirisha kuwa uradidi huo ni kinga, na kwamba mitandao ya tarakilishi hutegemea kinga ya aina iyo hiyo.

Tarakilishi huwakilisha kila herufi kwa tarakimu 0 na 1, ziitwazo biti. Katika msimbo wa ASCII, k ni 1101011. Mwingiliano wa umeme ukiigeuza biti ya mwisho, k huwa j, na 'kina' husomeka 'jina'. Yote mawili ni maneno sahihi, hivyo mpokeaji hana sababu ya kushuku. Dawa mojawapo ni kuongeza biti ya nane ili idadi ya tarakimu 1 iwe shufwa. Herufi k ina tano, basi huongezewa moja, zikawa sita. Mpokeaji akihesabu tano, hutambua kuna kosa.

Hata hivyo, biti mbili zikigeuka, idadi hurudi kuwa shufwa na kosa hupita. Ndiyo maana Ethaneti hukokotoa biti 32 za uhakiki kwa kila fremu. Mpokeaji hurudia hesabu, na majibu yasipolingana, fremu hutupwa. Itifaki ya TCP, ambayo misingi yake ilielezwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, huzipa data nambari za mfuatano. Mtumaji asipopata ithibati ya kupokelewa kwa wakati, hutuma tena.

Mwaka 1950, Richard Hamming alichapisha misimbo inayoweza pia kusahihisha kosa bila kurudia kutuma. Vivyo hivyo, msomaji akikuta 'Kitabu vyangu vimepotea', mashahidi wawili humshinda mmoja, naye hurejesha 'vitabu'.

Uradidi una gharama, kwani huongeza urefu wa ujumbe. Lakini kuuacha kuna gharama kubwa zaidi. Anayesema 'Vitabu yangu imepotea' huenda akaeleweka. Ila silabi ya kwanza ikimezwa na kelele, msikilizaji atapokea 'Tabu yangu imepotea', na badala ya kumpa pole, atampongeza. Angalisema 'vyangu vimepotea', kosa lingejifichua lenyewe.