Kausha damu: kadi yako ya benki si dhamana

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Singida ameniandikia. Mwaka jana mtoto wake alilazwa, akahitaji fedha za haraka, akakopa shilingi 500,000 kwa mtu anayekopesha watumishi pale mjini. Walikubaliana arejeshe 650,000 mwisho wa mwezi. Karatasi aliyosainishwa, hata hivyo, ilisema amekopeshwa 1,300,000 "bila riba". Akaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu siku hiyo kila mshahara unapoingia, mkopeshaji anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anakata 200,000 yake, kisha anamrushia mwalimu kinachobaki kwenye simu. Miezi minane imepita hivyo. Juzi ameambiwa bado anadaiwa 900,000, na akileta ubishi ataitwa polisi. Anauliza: naweza kufungwa? Na nikienda benki kufunga kadi, nitakuwa nimevunja mkataba?

Mwalimu, majibu ya maswali yako yanatia moyo kuliko unavyodhani. Lakini nataka kwanza uione hesabu ya jambo ulilofanyiwa, kwa sababu barua za namna hii huja kwa walimu, wauguzi, askari na wastaafu, na karibu zote zina sura moja: mikopo ambayo watu huiita kausha damu.

Kwa Tanzania Bara, biashara ya kukopesha inasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili, na leseni yao inatolewa na Benki Kuu. Si halmashauri, si BRELA, si TRA. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Ukutani mwa ofisi ya mkopeshaji utakuta cheti cha usajili wa kampuni, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, vyote vimewekewa fremu nzuri. Vyote vitatu kwa pamoja havimpi mtu ruhusa ya kukopesha hata shilingi moja kwa riba. Muulize leseni ya Benki Kuu, kisha tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu huitangaza. Kama hayumo, unashughulika na mtu anayetenda kosa la jinai kila anapofungua droo.

Mwenye leseni naye hana uhuru wa kujipangia. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa daraja hilo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza kwa mkopo wako wa 500,000 ingekuwa shilingi 17,500. Wewe ulitozwa 150,000, yaani asilimia 30. Tukikokotoa deni lako kwa kiwango halali, riba ikitozwa kwenye salio na wewe ukilipa 200,000 kila mwezi, ungelimaliza mwezi wa tatu kwa jumla ya takriban shilingi 533,000. Kwa miezi minane umeshalipa 1,600,000. Kwa hesabu hiyo, wewe ndiye unayedai, na unadai zaidi ya milioni moja.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Watu hudhani mtego ni riba. Riba inauma, ndiyo, lakini kinachomfunga mtu ni karatasi na kadi.

Karatasi imeandikwa kwa makusudi ili riba isionekane. Umepokea laki tano, imeandikwa milioni moja na laki tatu, na neno riba halimo kabisa. Wengine huwasainisha watu mkataba wa mauziano: unakopa kwa dhamana ya pikipiki au kiwanja, lakini karatasi inasema umeuza, tarehe imeachwa wazi, na mtendaji wa mtaa amegonga muhuri bila kuona fedha zikihesabiwa. Mkopaji anapoteza usingizi akiamini saini yake imemaliza kila kitu. Haikumaliza. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kupingana na mkataba wa maandishi, lakini inatoa nafasi pale unapotaka kuonyesha kuwa karatasi ilipatikana kwa hila, kwa vitisho, au inaficha jambo lisilo halali. Nayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyatambui makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria. Faini ya kila siku inayopachikwa kwenye deni nayo haikubaliwi kwa macho yaliyofumbwa: mahakama hutoa fidia inayostahili, haitoi tarakimu yoyote aliyoitunga mkopeshaji.

Kadi ni mtego mkubwa zaidi. Serikali ina utaratibu kwamba makato ya mshahara wa mtumishi yasimwache na chini ya theluthi moja. Utaratibu huo umewekwa ili mtu ale na watoto wake waende shule. Mwenye kadi yako anauruka ukuta huo wote: anasubiri makato halali yaishe, kisha anaichota ileile theluthi iliyobakizwa kwa ajili ya chakula chako. Hapiti kwa mwajiri, hapiti mahakamani, hapati hukumu. Mtu huyo ni mwizi, hata kama anavaa tai na ana muhuri mezani.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: nenda benki. Kadi ni mali ya benki, umekabidhiwa utumie wewe peke yako, na masharti ya akaunti yanakukataza kumpa mtu mwingine namba ya siri. Kitu kisicho chako huwezi kukiweka rehani, na kipengele kinachosema kadi ni dhamana hakikulazimishi kumwachia mtu mshahara wako. Nenda kabla mshahara haujaingia. Funga kadi ile, omba mpya, badilisha namba ya siri, na kama ulimpa pia siri ya huduma za benki kwenye simu, ibadilishe siku hiyohiyo. Ukiwa hapo benki, omba taarifa ya akaunti ya miezi yote minane. Itaonyesha fedha zilitolewa mashine gani, siku gani, saa ngapi. Kisha iweke kando ya daftari la mahudhurio la shule yako. Fedha zilizotoka mjini saa nne asubuhi wakati wewe umesaini kuwa kazini ni ushahidi ambao mkopeshaji hataweza kuufuta. Tunza na ujumbe wote wa simu, hasa ule wa "nimekutumia iliyobaki".

Na polisi? Deni ni shauri la madai. Kifungo cha madai kipo katika sheria zetu, lakini kinatolewa na mahakama, baada ya kesi kusikilizwa, hukumu kutolewa na mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza. Hakitolewi kaunta ya kituo. Najua kinachofanyika: mkopeshaji ana rafiki kituoni, unaitwa, jalada linafunguliwa kwa jina la kujipatia fedha kwa udanganyifu, unawekwa ndani Ijumaa ili Jumatatu uwe umelainika. Askari anayegeuza kituo cha umma kuwa ofisi ya kukusanyia marejesho anatumia vibaya mamlaka aliyopewa na wananchi, na akipokea chochote kwa kazi hiyo, hiyo ni rushwa. Ukiitwa, nenda, tena na mtu unayemwamini. Uliza kosa unalotuhumiwa ni lipi. Dhamana ni haki yako kwa kosa linalodhaminika, na haiuzwi. Zaidi ya yote, usisaini "makubaliano ya kulipa" kituoni. Karatasi hiyo ndiyo anayoitaka, kwa sababu ile ya kwanza ina kasoro na hii ya pili itakuwa ni ungamo lako la deni, umeliandika mbele ya askari. Sema unayo maelezo yako na utayatoa mahakamani.

Jiulize mwenyewe: kwa nini mtu mwenye mkataba uliosainiwa, wenye wadhamini na muhuri, hakupeleki mahakamani? Kwa sababu hakimu atamuuliza leseni. Atamuuliza laki tano zilizaaje milioni moja na laki tatu. Mkopeshaji wa aina hii anaiogopa mahakama kuliko wewe, ndiyo maana anatumia kadi, vijana wa kubeba friji na cherehani, na mtendaji anayesimama mlangoni kana kwamba ametumwa na sheria. Hakuna anayeruhusiwa kuingia nyumbani mwako kwa nguvu na kubeba vyombo bila amri ya mahakama. Wakija bila amri, andika majina, piga picha, ita majirani, kisha ukafungue jalada la wizi. Na kama mtu ameweka rehani nyumba mnayoishi kama familia bila ridhaa ya mwenzi wake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwenzi huyo nguvu ya kupinga.

Wanaokopa kwenye simu wako katika balaa lilelile kwa njia nyingine. Programu inaomba kufungua majina yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili, bosi wako, mchungaji wako na mkweo wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Leseni au la, kutangaza deni lako kwa watu wasiohusika kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vitisho na matusi ya mtandaoni yanaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Niseme na upande wa pili kwa uwazi. Dawa ya deni ni kulipa, na fedha ulizopokea mkononi si zawadi. Hata mkataba ukibatilishwa, Sheria ya Mikataba inamtaka aliyepata faida airudishe. Asiyelipa hata senti ya mkopo wake asidhani ameokoka kwa kuwa mkopeshaji hana leseni. Lakini anachopaswa kurudisha ni alichopokea. Wewe, Mwalimu, ulishakirudisha zamani.

Andika malalamiko yako kwa Benki Kuu, ambayo ina matawi Arusha, Dodoma, Mbeya, Mtwara na Mwanza. Ambatanisha taarifa ya akaunti na nakala ya mkataba. Kama hukupewa nakala, sema hukupewa, maana hilo nalo ni dalili. Pale penye mtumishi wa umma anayemlinda mkopeshaji, nenda TAKUKURU au piga 113. Kwa fedha ulizokatwa kupita kiasi, fungua madai mahakamani. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hadi wilayani.

Lakini mwananchi asibebeshwe mzigo huu peke yake. Sheria ya 2018 imejaa adhabu kwa asiye na leseni, ila haimwambii mkopaji kwa lugha nyoofu hatima ya deni lake. Iandikwe wazi: mkopo wa asiye na leseni hauzai riba, na alichokula kupita mtaji akirudishe. Ukomo wa asilimia 3.5 uchapishwe ukurasa wa kwanza wa kila mkataba, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Na ukomo wenyewe utazamwe upya: asilimia 3.5 kwa mwezi ni 42 kwa mwaka, wakati benki zinakopesha kwa wastani wa takriban 15. Mtu anayekutwa na rundo la kadi za watumishi afikishwe mahakamani wiki hiyohiyo, si kuonywa. Serikali nayo ijue kwamba ilipositisha mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu mwezi Aprili 2023 hadi ilipoirejesha mwaka uliofuata, shida za watu hazikusitishwa. Waliokuwa tayari mlangoni ni wakopeshaji hawa.

Mwalimu, na wote mlioacha kadi zenu kwenye droo za watu: nendeni benki kabla ya mshahara ujao. Msiombe ruhusa ya mkopeshaji. Akiona ameonewa, mahakama iko wazi, na aje na leseni yake.